Eti Stalin na Hitler walikuwa washkaji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Notsi nilizonunua zinasema Stalin alisaini mkataba wa kutoshambuliana na Hitler 1939 kwa sababu wote madikteta, wakaelewana. Mwenzangu anabisha, anasema alikuwa anavuta muda tu. Niandike ipi kwenye pepa?

JIBU: Marahaba. Hizo notsi nazijua, kila mwaka nasahihisha sentensi ileile mpaka koma zake. Ubovu wake ni kuanza stori tarehe 23 Agosti 1939, utadhani Molotov na Ribbentrop, mawaziri wa mambo ya nje wa Stalin na Hitler, waliamka tu asubuhi wakapendana. Hebu rudi Munich, Septemba 1938: Uingereza na Ufaransa zinamkatia Hitler kipande cha Chekoslovakia, na Wasovieti wenye mkataba na hao Wacheki tangu 1935 hawakuitwa hata kukaa pembeni wasikilize. Agosti 1939 London na Paris zinatuma ujumbe Moscow kuongelea ulinzi wa pamoja, vita inanukia jamani, wao wanapanda meli ya mwendo wa kobe! Wamefika, Voroshilov, waziri wa ulinzi wa Stalin, anamuuliza Admirali Drax, mkuu wa ujumbe wa Waingereza, barua ya kukuruhusu kusaini iko wapi, hana. Poland nayo haitaki Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Wasovieti, likanyage kwake, basi yakafia hapohapo.

Halafu Japani, ambayo notsi zenu haziigusi kabisa. Tarehe 20 Agosti Zhukov, jenerali wa Wasovieti, anawavamia Wajapani kule Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, yaani siku tatu tu kabla ya ule mkataba. Huku Wajapani, huku Hitler, we ungefanyaje?

Ila mwenzako naye asishangilie. Kuvuta muda ndo kugawana nchi za watu? Protokali ya siri, yaani kiambatisho cha mkataba kilichofichwa, iliigawa Poland, ikawawekea Wasovieti Estonia, Latvia na Ufini, na Moscow ikakana kuwepo kwake mpaka Desemba 1989. Na huo muda wenyewe, Stalin huyo aliyeua mamarshali, makamanda wake wa juu kabisa, watatu kati ya watano alionywa weee hakusikia, 22 Juni 1941 Hitler akamvamia akamkuta hajajipanga.

Sasa hawa wauza notsi na wale wa video za dakika tatu zenye ngoma nyuma, wote dawa yao moja: sababu moja, jibu moja, kariri. Wanawauzia watoto kama wale wa mizizi ya kutibu kila kitu. Leo Stalin, kesho watakwambia vita ya kwanza ilitokea kwa sababu ya risasi moja Sarajevo, na utaandika. Kwenye pepa anzia Munich, na kabla hujaandika fungua atlasi uitafute Khalkhin Gol.