Kabla hujavuka: majibu kwa wageni wa Kilwa Kisiwani

Nyumba yetu ya wageni iko Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu ya Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Kuta ni za mawe na udongo, boriti za mkoko, paa la makuti. Wanaotaka kuja kulala hunitumia maswali kwa simu, na haya ndiyo yaliyojirudia zaidi msimu huu.

Basi letu la kutoka Dar es Salaam linafika Masoko jioni. Tutavuka usiku huohuo?

Hapana, laleni Masoko mvuke asubuhi. Mkondo wenyewe ni kama kilomita mbili tu, lakini wakati wa kusi upepo huchachamaa mchana, na sipendi kuona watoto chomboni gizani.

Ila hata hiyo asubuhi, niulizeni kwanza habari ya maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukimbia mbali mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na mashua haiwezi kukaribia ufuko. Kuna baba mmoja alifika saa hizo na begi la magurudumu. Hakutaka kungoja. Alishuka kwenye matope, hatua tatu magurudumu yakajaa tope na vipande vya magome, akaishia kulibeba kichwani viatu vikiwa vimebaki nyuma. Kesho yake maji yalichelewa kama dakika 50, kama yanavyochelewa kila siku. Kwa hiyo saa aliyokupa rafiki yako aliyekuja wiki iliyopita haikufai wewe. Njooni na mabegi ya mgongoni, na simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Nasikia maji ya kisima yana chumvi. Tutakunywa nini?

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Chini ya kisiwa maji baridi ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Ukichota kwa kiasi, unapata yale ya juu. Ukichota kwa fujo, ya chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa siku moja. Jirani zetu wanategemea visima hivyohivyo baada ya wewe kuondoka.

Ndiyo maana utakuta ndoo ya lita 20 na kata bafuni badala ya bomba. Ndoo moja inamtosha mtu mzima kuoga na kubaki na maji ya miguu. Jiloweshe, jipake sabuni, kisha ndipo uanze kumimina. Kwenye maji yenye chumvi sabuni hutoa povu kidogo, usidhani ni mbovu ukaongeza.

Ya kunywa na kupikia ni ya mvua, tunayoyakinga wakati wa masika na kuyahifadhi kwenye tangi lenye mfuniko. Tunayachemsha. Kata ya tangi hilo ina mpini mwekundu, naomba isiingie popote pengine.

Kuna umeme? Na mbu je?

Chumbani kuna taa ya sola, na simu zinachajiwa mchana. Mbu wapo, na huku pwani ya kusini malaria si jambo la kupuuza. Chandarua kishushwe kabla ya magharibi na pindo liingie chini ya godoro pande zote nne. Ukitaka kuwasha dawa ya mbu ya kuzunguka, iwashe nje, ndani ya sufuria yenye mchanga. Makuti makavu yakishika cheche hayazimiki, na kisiwani hakuna gari la zimamoto. Mshumaa ndani, hapana kabisa.

Watoto waliokota vigae vyenye maua ya buluu karibu na magofu. Wanaweza kuja navyo nyumbani?

Virudishwe palepale mlipovitoa. Katika mji huu wa kale, ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, vimechimbuliwa vyombo vya Uchina na Uajemi, na mahali kigae kilipolala ndipo wataalamu wanaposoma habari zake. Kikifika kabatini kwako kinakuwa kipande cha sahani tu. Sheria nayo inakataza. Magofu haya yako kwenye urithi wa dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Wapigeni picha watoto wakiwa wamevishika, inatosha.

Nivae nini nikitoka kuogelea?

Ufukweni oga utakavyo. Ukipita kijijini, jifunge kanga au kikoi, funika mabega. Shikamoo kwa wazee, hodi kabla ya ua wa mtu, ruhusa kabla ya picha.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Choo ni cha kuchuchumaa. Nimlete?

Mlete, dada yangu. Choo kina tatizo dogo kuliko unavyofikiri: fundi wetu ametengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinakaa juu ya shimo na hakitikisiki. Kinachonipa wasiwasi ni kupanda na kushuka mashuani. Kwa hiyo usije na tarehe ya bamvua. Chagua siku ya saba au ya nane baada ya mwezi mpevu, wakati wa maji mafu. Bahari haikimbii mbali siku hizo, na mnamo saa nne asubuhi inakuwa imejaa, mashua inasogea hadi karibu na mchanga. Vijana wawili watamshika mikono, mmoja huku, mmoja kule. Nitumie tarehe mbili au tatu, nami nitamuuliza nahodha kabla sijakuthibitishia.