Madereva Mnauliza: Teksi za Stima

Gari la stima likijaa chaji linaenda kilomita ngapi?
Mnaniandikia hivi kila mara, bila aina ya gari wala mwaka. Nissan Leaf ya kwanza ilikuja na betri ya kilowati-saa 24, za baadaye 40. Taja gari, kisha tuongee.

Nimepata Leaf ya Japani kwa bei nzuri. Nifanyie teksi?
Achana na rangi. Kwenye dashibodi, hesabu vijisanduku vya afya ya betri. Ikiwa mpya huwa 12. Kuna wauzaji wanaovichezea, kwa hiyo lipa fundi aisome betri kwa kompyuta. Betri ya Leaf hizi za zamani haina mfumo wa kuipoza, na teksi inayochajiwa haraka kila siku huipika betri kwa joto. Tena Leaf hizo zinatumia plagi ya kuchaji haraka ya CHAdeMO, ambayo haiko kila kituo cha kuchajia.

Naishi Pipeline, Nairobi, ghorofa ya tano. Nichajie wapi?
Usishushe waya dirishani. Kama hakuna kituo karibu na unapolaza gari, subiri kwanza.

Mwenye gari anataka kunipa la stima, lakini hesabu ya wiki, yaani pesa ninazompelekea, ipande kwa sababu sitanunua mafuta. Ni haki?
Hapa ndipo madereva huliwa. Bei ya kuchaji magari iliyowekwa 2023 na EPRA, mamlaka ya nishati, ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, usiku 8, kabla ya kodi na tozo. Lakini hiyo ni ya mita ya kuchajia, si tokeni za nyumbani, na kituoni utalipa bei ya kituo. Sasa muulize: nafuu ya hiyo bei ya usiku ni yake au yako? Saa za kukaa kwenye chaji bila abiria, nani anazibeba? Stima ikipotea usiku kucha, hesabu inasimama? Aandike, atie sahihi. Kanuni za serikali za 2022 ziliwekea apu za teksi kikomo cha kamisheni cha asilimia 18. Hesabu ya mwenye gari hazikuigusa, na sijasikia mbunge akiuliza kwa nini.

Uliza pia gari likirudishwa ghafla itakuwaje. Nopea Ride, kampuni ya teksi za stima, ilianza hapa Nairobi 2018 kwa Leaf. Kampuni mama ilipofilisika huko Finland, teksi hizo zikatoweka barabarani.

South C ikifurika, stima haitaniua?
Betri imefungwa dhidi ya maji. Lakini maji usiyoyaona chini usiyavuke, hata kwa Probox.