Maziwa yamekata, zile seli zimeenda wapi?

Swali: Dokta, za kazi? Nasoma uuguzi mwaka wa pili na nimemwachisha mwanangu ziwa wiki tatu sasa, matiti yamesinyaa kama puto lililoisha upepo. Darasani tuliambiwa seli kibao za titi zinakufa kipindi hiki. Mbona sijapata homa wala usaha? Kinga imelala?

Jibu: Salama mdogo wangu. Haijalala, ipo kazini ila safari hii imekuja na ufagio. Mtoto akiacha kunyonya maziwa yanajaa bila kutoka, na kule kujaa kwenyewe ndo kunaamsha protini inaitwa STAT3 ndani ya seli za maziwa, zinaanza kujiua kwa utaratibu, nyingi zinajifunga vipande vipande bila kumwaga vilivyomo ndani. Usaha unakuja seli zikipasuka ovyo au bakteria akiingia.

Mengi ya haya tumeyajua kwa panya wa maabara, maana mama gani atakubali kukatwa kinyama cha titi kila siku? Panya ukimwondolea watoto, ndani ya masaa kama 48 ukiwarudisha maziwa yanaendelea, ukipitisha hapo basi tena. Na kinachonifurahisha mimi ni kwamba siku hizo za mwanzo wafagiaji wakubwa ni seli za maziwa zenyewe, iliyobaki hai inammeza jirani yake aliyekufa pamoja na mafuta ya maziwa yaliyobaki, kwenye hadubini unaiona imejaa matundu meupe ya mafuta. Kuanzia siku ya tatu, ya nne hivi ndo makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu, zinamiminika, zinamalizia mabaki, na pale palipokuwa na vifuko vya maziwa panarudi mafuta na nyuzi za kolajeni. Makrofeji hizo zinafanya kazi kama kwenye kidonda kinachopona, zinatoa IL-10 na TGF-beta, kemikali za kuziambia seli nyingine za kinga tulieni, hakuna vita hapa.

Sasa hukuuliza ila nakwambia: utulivu huohuo kansa inaupenda kama ilishakuwepo, na ni moja ya sababu zinazotajwa kwa nini kansa ya titi inayogundulika miaka michache baada ya kujifungua huwa kali. Usije ukasema dokta kakataza kunyonyesha! Uchambuzi wa 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya kansa ya titi kwa asilimia 4.3.

Kwako wewe kusinyaa, titi moja kuzidi jingine, tone la maziwa ukiminya, hayo kawaida kabisa. Titi likiwa jekundu, la moto na una homa, hiyo mastaitisi, hospitali leo leo. Na ukipapasa ukakuta kigololi kigumu, wiki mbili zimepita kipo palepale, mtu asikwambie "maziwa yameganda tu" kabla hujapigwa ultrasaundi.