Kabla ya Kupanga Changizo, Angalia Mtaa Wenu Unatoaje

Kikundi cha mtaa kikikaa kupanga changizo, mtu wa kwanza kunyoosha mkono hutaja shughuli: tufanye mbio, tualike msanii, tukodi ukumbi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Ngamiani, Tanga, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba shughuli ije mwisho. Tangulizeni maswali mawili. Mnamchangia nani hasa? Na watu wa mtaa wenu, kwa kawaida yao, hutoa fedha wapi na lini? Mkishayajibu hayo, mawazo yatakuja mengi kuliko mnavyoweza kuyafanya.

Sisi jibu la swali la kwanza tulilipata barazani. Mtaani kwetu wapo bibi wengi wanaolea wajukuu. Mzee asiyejiweza wa miaka 60 na zaidi ana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali, na mtoto wa chini ya miaka mitano naye anao. Sasa mjukuu wa miaka tisa anayeamka usiku na homa, nani amlipie? Huyo hayumo kokote, na bibi yake ndiye anayehangaika kugonga milango ya majirani. Tukaamua tuzikatie kaya hizo bima ya CHF iliyoboreshwa, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. (Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 utaratibu unabadilika, kwa hiyo uliza kwenye zahanati yako viwango vya sasa kabla hujatangaza chochote.)

Hiyo 30,000 ilitusaidia kuliko bango lolote. Mwambie mtu "changia afya ya jamii", atakupa elfu moja aendelee na safari yake. Mwambie "elfu thelathini ni kaya moja, watu sita, mwaka mzima", atasimama aulize: kaya ya namna gani, wanatibiwa wapi, watoto wangapi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda karibu na kwetu walijikusanya watatu watatu, kila mmoja elfu kumi, na kila kundi likamaliza bima ya kaya moja. Kwa hiyo lolote mnalochangia, litafutieni kipande ambacho mtu mmoja au marafiki wachache wanaweza kukimaliza: dawati moja, kiti mwendo kimoja, bati za chumba kimoja.

Tuje kwenye shughuli yenyewe. Shika daftari, andika mtaa wenu hutumia fedha kwenye nini kwa hiari yao. Mtaa wa pwani kama wetu jibu la kwanza ni chakula, na mwezi wa Ramadhani ndio kabisa. Wapo watu wanaotoka kazini saa kumi na moja, jua limeshaanza kushuka, na nyumbani hakuna hata moto uliowashwa. Hao wanahitaji futari, na futari tunajua kuipika. Tukatangaza kwenye WhatsApp: futari ya kuagiza, mihogo ya nazi, tambi, kalimati na sambusa, shilingi 5,000 kwa fungu la mtu na mwenzake, na mapato yote yanakwenda kwenye bima.

Ngoja nieleze jinsi ilivyokwenda, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Hatukununua kitu. Kila mwanakikundi aliulizwa ana nini nyumbani: huyu akaleta nazi, huyu mkaa, huyu ndoo ya mihogo kutoka shamba la kaka yake Muheza, mwenye duka akatoa unga na mafuta. Mtu anayesita kutoa elfu kumi mkononi atakupa nazi kumi na tano bila kuhesabu. Vyombo pia hatukununua. Mteja alileta hotpoti lake asubuhi, tukabandika plasta yenye jina lake kwenye mfuniko. Oda zilifungwa saa nne asubuhi ili tusipike cha kumwaga. Kuanzia saa nane uani palikuwa na mbuzi za kukunia zilizopangwa mstari, na bibi mmoja fundi wa mihogo alikaa na tui zito pembeni yake, hakuna aliyeruhusiwa kulitia chunguni mpaka yeye aseme. Vijana wa bodaboda wakasambaza bila nauli. Kwa mpango huo, karibu kila shilingi iliyoingia ilikuwa ya bima.

Mtaa wenye Wakristo wengi una njia yake nzuri, na nimeishuhudia kwa majirani: mnada baada ya ibada. Watu huleta kuku, mkungu wa ndizi, trei la mayai, msimu wa machungwa wa Muheza huletwa gunia zima. Anayeshinda mnada mara nyingi huurudisha mzigo mezani unadiwe tena, jogoo mmoja akanunuliwa na watu wanne na bado yupo. Kinachochangamsha ni mnadi. Mtafuteni mtu anayewajua waumini kwa majina na anayejua kutania bila kuaibisha.

Vijana nao wana bonanza. Timu ya maveterani, ya bodaboda, ya wauza samaki, ya walimu. Kila timu italipa ada ya kushiriki na mshindi atachukua mbuzi. Mbuzi huyo muombeni kwa mfanyabiashara mmoja, jina lake litajwe uwanjani. Tanga tuna baiskeli kila nyumba, kwa hiyo msafara wa baiskeli kutoka mjini hadi Raskazone ni rahisi kuliko mbio: watu wa rika zote wataweza, na hakuna wa kukodiwa.

Nasema hivyo kuhusu mbio kwa sababu vikundi vidogo huvutwa sana na mifano mikubwa. CRDB Bank Marathon imechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini mbio za namna ile zina benki nyuma yake, zina fulana, polisi wa barabarani, magari ya wagonjwa, maji ya njia nzima. Kikundi cha mtaa kikiiga umbo hilo, mchango unaishia kwenye fulana. Mfano wa kuuchukua ni wa majirani zetu wa Kenya mwaka 2011, wakati wa ukame: kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 za huko na ikalipita, na watu wa kawaida wakatuma walichonacho kwa M-Pesa. Simu ya mkononi kila mtu anayo.

Halafu kuna mashine ambayo kila mtaa wa Tanzania unayo tayari: kamati ya harusi. Tunajua kugawa kadi za mchango, tunajua kuandika ahadi, tunajua kumkumbusha mtu kwa adabu mara ya tatu. Chukueni watu walewale. Katibu aliyefuatilia ahadi za harusi akazikamilisha ana thamani kuliko wazo lolote jipya, mpeni daftari leo.

Bahati nasibu iacheni. Inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ina taratibu zake za leseni, na kwa majirani Waislamu ni kamari, hawatanunua tiketi. Kuhusu zaka, ina watu wake maalumu wanaostahili kuipokea, kwa hiyo muulizeni sheikh wenu kabla ya kuiomba. Sadaka ni pana zaidi.

Fedha zipite kwenye lipa namba au akaunti ya kikundi. Namba ya mtu binafsi msiitumie hata kama mtu huyo ni malaika. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mjisajili, mpate barua ya mtendaji, na kama kutakuwa na muziki ombeni kibali mapema. Mapato na matumizi tuliyabandika kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, mpaka bei ya kiberiti, na nakala tukaituma kwenye kundi. Waliochangia mwaka ule walirudi mwaka uliofuata wakiwa na ndugu zao.

Jambo moja silikubali hata nikibaki peke yangu kikaoni: kuwapanga wanaosaidiwa mstari na kuwapiga picha wakipokea. Orodha ya kaya zetu ilijulikana na watu watatu tu, pamoja na mwandikishaji wa CHF aliyekwenda nyumba kwa nyumba na simu yake. Baadhi ya kaya hizo zilikuwa uani pamoja nasi, wanakuna nazi, wanakaanga sambusa, na hakuna mteja aliyejua. Bibi yule wa tui zito alimwandikisha mjukuu wake jioni moja baada ya kazi, akaosha masufuria, akaenda zake kusali.

Bima ni ya mwaka, ikiisha imeisha. Kwa hiyo mnapochagua shughuli, ulizaneni kama mtakuwa na nguvu ya kuirudia mwaka unaofuata kwa watu walewale na vyombo vilevile. Sisi hukaa kikao cha kwanza mwanzoni mwa Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, tunahesabu kaya, tunazidisha kwa kiwango cha bima cha mwaka huo, na ndipo tunajua nazi ngapi tuombe.