Usianike huo ubao, si juani wala kivulini

Ndugu, kama huo ubao umeshautandaza barazani, acha kusoma hapa. Kaurudishe majini kwanza.

Unasema nyavu za binamu yako zimeuopoa kutoka meli ya kale Ziwa Michigan, huko Marekani, bado mgumu, na mnasubiri ukauke muufanye meza; tena unauliza kama kweli maiti za meli hizo haziozi. Huo ugumu unawadanganya. Kule chini maji yana nyuzijoto 4 hivi, bakteria wanafanya kazi polepole mno. Tena hayana chumvi, kwa hiyo wale wadudu watoboa mbao wanaowafanya watu wa Lamu wapake majahazi deheni hawapo kabisa. Lakini bakteria hawajalala. Miaka yote hiyo wameila selulosi, nyuzi zinazoupa mti nguvu, kidogo kidogo, na palipoliwa pamejaa maji. Maji hayo ndiyo yanayoushikilia ubao. Yakikauka, kuta za seli zinavutana na kuporomoka; ubao unasinyaa, unajipinda, unapasuka, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Mimi niliuziwa kapi la meli ya matanga na muuzaji wa vitu vya kale. Alikuwa analiweka ndani ya ndoo ya maji, halafu akaniambia, "Liache kivulini likauke taratibu, halina shida." Hasira ninayo mpaka leo. Kama halina shida, ndoo ilikuwa ya nini? Alijua! Lilipasuka kutoka tunduni hadi ukingoni, likaanza kumeguka mkononi.

Na hilo ni kapi tu. Meli nzima imekufa hivyo hivyo. Meli ya matanga Alvin Clark ilizama ghuba ya Green Bay, humo humo Ziwa Michigan, mwaka 1864. Mwaka 1969 wapiga mbizi wakaiinua ikiwa nzima, wakatoa maji ndani, ikaelea yenyewe! Ikawekwa mji wa Menominee watu waitazame, bila fedha za kuhifadhi mbao zake. Ziwa liliitunza miaka 105. Hewa haikuhitaji hata 30. Mwaka 1994 ilikuwa imeoza kiasi kwamba ilibomolewa kwa buldoza. Kila nikisoma mtu anataka "kukausha tu", naiona hiyo buldoza.

Kuhusu maiti, ni baridi ile ile: bakteria hawatengenezi gesi ya kutosha, mwili hauelei, na mafuta yake hugeuka nta kama sabuni. Meli ya Kamloops ilizama Ziwa Superior mwaka 1927, ikapatikana 1977, na ndani ya chumba cha injini bado yumo baharia. Huyo naye aachwe alipo.

Sasa tafuta pipa la plastiki, jaza maji yasiyo na chumvi, uzamishe ubao wote, funika, weka mahali pa baridi pasipo mwanga. Kisha pigia simu ofisi ya akiolojia ya jimbo, maana kwa sheria ya Michigan mabaki ya kihistoria ya chini ya ziwa ni mali ya jimbo. Maabara za uhifadhi huyaondoa maji na kuingiza polietilini glaikoli, kitu kama nta kinachoyeyuka majini, mahali pake, kazi ya miezi mingi, ndipo huukausha ubao. Mpaka ofisi ikujibu, usiutoe pipani hata kuupiga picha.