Usilipe shoki kabla hujaweka mkono kwenye linki ya stebilaiza

Yakhe, hizo shilingi 22,000 za fundi usizitoe. Zirudishe mfukoni kwanza, usome hapa.

Umeandika kwamba Toyota Fielder yako inagonga mbele kushoto, ko-ko-ko, ukipita kwenye kabro za Mji wa Kale hapa Mombasa, lakini ukipanda tuta kubwa taratibu inanyamaza. Fundi hakuinua hata gari. Aliibonyeza boneti mara mbili, akasema shoki, zile nguzo zinazozuia gari lisirukeruke, zimekufa zote mbili, umletee pesa Ijumaa. Wewe unauliza ununue shoki mpya au zile zilizotumika Japani, kama alaimenti, kule kunyoosha magurudumu, ni lazima, na kama gari litafika Malindi Jumamosi. Nimesoma moyo ukinidunda, maana ndiyo maneno niliyoambiwa mimi, gari aina hiyo hiyo, upande huo huo. Nilitoa 62,500 kwa ugonjwa wa 2,900.

Nami nilianza na shoki. Jozi 17,000. Siku ya kwanza gari likawa laini kweli, nikamshukuru fundi mpaka nikamwongezea ya soda. Kesho yake naingia feri kule Likoni, gurudumu moja likatangulia kukanyaga lile bati la chuma: ko! Nikamrudia. Akasema basi ni maunting za shoki, vikalio vyake vya juu, 5,000. Tukabadilisha. Mlio uko pale pale, haukupungua hata chembe.

Hapo ndipo ningesimama. Lakini ukishatoa 22,000 akili hubadilika. Hujiulizi tena kama yule mtu anajua anachofanya; unaona umebakiza kidogo tu ufike. Ndivyo nilivyoingia kwenye raki, ule mtambo unaopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu.

Aliushika usukani gari likiwa limezima, akautikisa kushoto kulia, akainamisha kichwa, akaniambia kwa upole, "Raki imekwisha, hii ndiyo iliyokuwa ikila vitu vyote." Akanitolea nyingine iliyotumika, 28,000, na akasema hiyo ni bei ya kunisaidia iwapo ile yangu nitamwachia. Nikamwachia. Raki nzima, kavu, ambayo usukani wake haukuwa umelegea hata siku moja, nimeitoa garini kwangu kwa mkono wangu na kumlipa mtu juu yake! Wiki ya tatu ile aliyonifungia ikaanza kucheza. Navuka daraja la Nyali, upepo unapiga ubavuni, usukani hauna kitu pale katikati, narekebisha, narekebisha tena. Na ko-ko-ko ninayo bado. Nilipokwenda kuidai raki yangu, ilikuwa imeshauzwa.

Hesabu ni hiyo: shoki 17,000, maunting 5,000, raki 28,000, ufundi 9,500, alaimenti mara mbili 3,000.

Nina hasira naye mpaka leo na sitaificha. Kukosea, kila fundi hukosea. Kilichonichoma ni kwamba miezi minne hakuwahi kuweka mkono wake kwenye kile kitu anachosema kimeharibika. Alikuwa akipiga ramli, na kila ramli yake naigharamia mimi. Huyo wako kubonyeza boneti ni ramli ile ile. Ukibonyeza unaona kama gari linaendelea kuyumba juu na chini baada ya kuliachia, basi. Kubonyeza hakuwezi kukwambia kinachogonga ni nini.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu Tudor, mtu aliyeendesha malori ya masafa maisha yake yote. Alinisikia naingia uani, hata hakuuliza gari limefanywa nini. Akaniambia nizime injini, nivute handibreki, nizungushe usukani wote kulia ili nyuma ya gurudumu la kushoto pawe wazi. Gari liko chini, limekaa kwa magurudumu yake manne, hakuna jeki. Kijana wake akawa analisukuma ubavuni, linalala huku, linalala kule. Mzee akaushika mkono wangu akaufikisha ndani, penye kijiti cha chuma cha kama shibiri na nusu, chenye kifundo kilichovaa mpira kila ncha. Mpira wa chini ulikuwa umepasuka, grisi imetoka, mchanga umeingia. Kila gari lilipolala, kiganja changu kilipigwa kidogo, tik, tik, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja kutoka ndani. Nilinyamaza kimya. Miezi minne kitu kilikuwa umbali wa mkono.

Hiyo ndiyo linki ya stebilaiza. Nilinunua mbili kwa 1,200 kila moja, ufundi 500, na mlio ukafa mchana ule ule.

Sasa angalia dalili uliyoiandika wewe mwenyewe. Stebilaiza ni chuma kinachopita kutoka gurudumu moja hadi la pili ili gari lisilale sana kwenye kona, na linki ndiyo inayokiunga na shoki. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, kile chuma kinazunguka tu mahali pake, linki haivutwi. Kwenye kabro hili linapanda lile linashuka, basi linki inavutwa na kusukumwa, na kichwa kilicholika kinagonga ndani ya kikombe chake. Ndiyo maana lako linanyamaza kwenye tuta. Shoki iliyokufa ingekusumbua pale pale kwenye tuta, gari likishuka linarukaruka kama mtumbwi.

Lakini usiniamini mimi pia. Weka mkono. Kama bado una shaka, toa linki zote mbili kabisa, zunguka mtaa polepole. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usilikimbize, lakini mlio ukiisha umeshamjua mwizi bila kununua kitu.

Ikiwa si linki, endelea kwa mkono huo huo. Shika springi mtu akizungusha usukani. Ikikwama kisha ikaruka ghafla, hiyo ni maunting. Kama mlio unapotea ukigusa breki kidogo tu huku gari likitembea kwenye mashimo, tazama pedi na kalipa, kibanio cha breki, wala usiguse shoki. Kama linagonga unapofunga breki au unapoondoka, tia mtaimbo kwenye bushi, yaani mipira, za loa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, uone kama zinaachia. Kisha liinue, lakini uliweke juu ya stendi, jeki peke yake haiaminiki hata kidogo, utikise gurudumu: likicheza kushoto kulia ni tairodi, fimbo ya usukani, au raki; likicheza juu na chini ni boljointi, kifundo kinachounga gurudumu na loa amu, au beringi. Boljointi ikicheza gari lisitoke hapo, iwe Malindi iwe dukani tu, maana ikichomoka gurudumu hujikunja na usukani hauna kazi tena.

Jambo jingine la hapa kwetu. Hewa ya chumvi inazila nati za linki, zinashikana na boliti ya kifundo, ukifungua vinazunguka pamoja. Kuna tundu dogo kwenye ncha ya boliti hiyo, unaingiza elen kii, ufunguo wa pembe sita, unaishikilia huku spana inafungua nati. Ikikataa kabisa inakatwa kwa grainda, yangu ilikatwa, dakika tano. Usikubali kuambiwa kwamba kwa sababu nati imegoma basi lazima shoki ishushwe na "kwa kuwa tumeshashusha" uweke mpya. Mlango huo ndio wanaoingilia.

Na ukikubali kubadilisha chochote, kilichotoka kitie butini mwako, hata kiwe chakavu namna gani. Akikwambia mwachie atakupunguzia, kataa. Raki yangu ingekuwa humo leo.

Basi leo alasiri jua likipoa, mwite kijana mmoja alisukume gari ubavuni, wewe ingiza mkono nyuma ya gurudumu la kushoto. Kisha njoo uandike hapa kiganja kimesikia nini, kabla ya Ijumaa. Nangoja.