Waini ya elfu 20 hapa Dar: kabla ya bei uliza chupa imekaa wapi

Mkuu umesema una elfu 20 mpaka 25, unataka chupa moja ya Ijumaa nyumbani, waifu anapenda tamu wewe hupendi, na kila ukinunua za bei hiyo unaishia kujuta. Wengi wamekupa majina ya chupa. Mimi nimenunua waini za bei hiyo hapa mjini kwa zaidi ya miaka kumi na nikupe kitu kimoja tu ukishike, kinachotuharibia waini Dar ni joto kuliko ubovu wa waini yenyewe.

Nikupe kisa. Kuna duka moja njia ya Mwenge nilikuta nyekundu ya Afrika Kusini elfu 18, kwingine nilikuwa naiona 30, nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Rafu yenyewe ilikuwa inatazama mlango na jua la saa kumi linaingia moja kwa moja hadi kwenye chupa. Nimefika nyumbani navua ile karatasi ya shingoni vidole vinanata, kizibo kimepanda juu kidogo na pembeni yake kuna mstari wa waini uliokauka kama sharubati ya jana. Nikafungua hivyohivyo. Harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa, mdomoni siki kwa mbali, tukaishia kuimwagia kwenye rosti. Waini ikipata joto inatanuka, inasukuma kizibo, ikipoa inavuta hewa ndani, basi mchezo umeisha. Hata ingekuwa ya laki ingeharibika vilevile.

Kwa hiyo kabla ya bei angalia duka. Nunua penye AC au angalau ndani kabisa mbali na mlango, na penye mzunguko, yaani chupa zinaondoka na kuja nyingine. Ukiona vumbi limekaa mabegani mwa chupa iache. Pitisha kidole juu ya shingo, kizibo kisiwe kimeinuka. Mi kwa bei hii napendelea kifuniko cha kuzungusha kuliko kizibo, watu wanakidharau bure, kinabana vizuri na huhitaji opena. Halafu mwaka kwenye lebo ni mwaka zabibu zilipovunwa, kwa hiyo nyeupe ya bei rahisi chukua ya mwaka jana au juzi, ikizidi miaka mitatu minne mi siigusi. Hizi hazikutengenezwa zikae kabatini zizeeke, zinywe mapema. Na uzito wa chupa usikubabaishe, hiyo ni kioo tu unalipia.

Sasa ununue ipi. Ningekuwa wewe ningeanza na Chenin Blanc. Ndiyo zabibu nyeupe iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, ndo maana bei yake iko chini bila kuwa mbaya, na ina ule uchachu unaokata mafuta. Tafuta iliyoandikwa "Dry", yaani kavu, isiyo tamu. Ukiona lebo inasema Western Cape ujue zabibu zimekusanywa sehemu nyingi za jimbo zima, ikisema Robertson au Stellenbosch hapo wamebana eneo, bei zikilingana mi nachukua yenye eneo dogo. Iweke na changu wa kukaanga wa Feri, ndimu na pilipili pembeni, au kitimoto ya kukaushwa, utanielewa.

Ya pili ni Dodoma, na hapa naomba watu waache kuibeza. Chenin hiyohiyo inalimwa Dodoma, na kuna nyekundu za zabibu za Makutupora na Syrah, wenzetu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Unafuu wake una sababu, waini yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapahapa inatozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko ya kutoka nje, kwa hiyo kwenye chupa ya elfu 12 ni kidogo tu kinachoenda kwenye ushuru huo. Ila hazilingani, zipo kavu safi kabisa na zipo tamu nzito zilizoongezewa nguvu kwa pombe kali, soma asilimia za kilevi kabla hujatoa hela. Makutupora kavu ina ukakasi kidogo, na mishkaki inakaa vizuri mno. Za ndizi za Arusha usizichanganye humu, hicho ni kinywaji kingine.

Asilimia zinakwambia mengi. Zile tamu zilizoandikwa "Natural Sweet" nyingi zina 7 au 8, sukari imebaki bila kugeuka kilevi, hizo ndo za waifu. Kavu utazikuta kwenye 12 mpaka 14. Kwa hali ya hewa ya huku mimi naishia 13, ikizidi hapo na joto hili inakuchoma koo.

Na hili la joto linaendelea hadi mezani. Watu wanasema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, lakini chumba walichokuwa wanakisema ni cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Sebule yangu Tabata mwezi wa pili ni nyuzi 31 saa mbili usiku! Krismasi fulani shangazi alionja nyekundu niliyoitoa kabatini, akakunja uso, akairudisha, "hii kali mwanangu, nipe soda tu." Sikubishana nae, nikaitia chupa kwenye friji, tukala pilau, tukapiga stori, baada ya kama dakika arobaini nikammiminia ileile bila kumwambia. Alimaliza glasi akaniuliza kwa nini ile nzuri nilikuwa nimeificha. Chupa ni moja mkuu, kilichobadilika ni baridi tu. Nyekundu nusu saa au zaidi kwenye friji, nyeupe masaa mawili, tamu hata zaidi maana baridi inapunguza ule utamu wa kukinaisha.

Stempu ya TRA usiipuuze, iangalie kwenye chupa na kuna aplikesheni ya Hakiki Stempu unaiskani palepale dukani, isipoeleweka rudisha chupa kwenye rafu. Mi hili sina mzaha nalo, unapeleka kitu tumboni mwa familia yako.

Kama mnakunywa glasi moja moja jioni fikiria boksi la lita 5. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida, boksi linatoa zaidi ya thelathini, piga hesabu mwenyewe. Ule mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyomimina hewa haiingii, ukiliweka kwenye friji linakaa kama mwezi. Tulifanya hivyo nikiwa kamati ya vinywaji kwenye send-off ya mdogo wangu, bajeti ikatosha na hakuna aliyelalamika. Angalia tu tarehe kwenye boksi lisiwe limekaa sana.

Chupa ikibaki usiiache mezani na nusu ya hewa. Mi nachukua chupa ndogo ya maji inayolingana na waini iliyobaki, nikiisha kuisuuza najaza hadi mdomoni kabisa, nafunga, friji, hata nyekundu. Siku tatu nne bado inanyweka.

Ijumaa hii anza na Chenin kavu moja na samaki, waifu mwekee barafu mbili na kipande cha embe kwenye glasi yake kabla hujaamua kumnunulia chupa ya peke yake, wengine wanapendea hapohapo. Halafu rudi utuambie ulinunua ipi na duka lilikuwaje.